Kinga ya Meno Iliyochemshwa na Chupa za Mtoto

Basi Divine, hii simu yako inasikia? Sawa. Keki ya kuniaga nimekata, kitenge mmenipa, mkanifunga nacho mpaka nikaonekana mimi ndiye bibi harusi. Sasa mnataka na maneno, eti watakaokuja kufanya kazi hapa wapate kujua ilikuwaje. Ya nani alipanda cheo na nani alilipwa nini msiniulize, hayo yalipita mbele yangu kama gari la wakubwa, nikabaki na vumbi. Mimi nitasema ya plasta, ya mzee wangu Salvatori, na ya yule binti Solange aliyetaka kuvunja harusi yake kwa sababu ya usingizi. Hiyo nikiisema nacheka, lakini siku zile hakuna aliyekuwa anacheka.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, huko Tanzania, upande wa Karagwe, ambako sisi wengi tulikulia. Tuliporudi Rwanda nilikuwa mama wa watoto wadogo, nikakaa Kicukiro, nikaanza kukaanga chapati na maandazi karibu na kliniki hii ya meno. Eeh, mimi nikiuza maandazi yenye sukari nje, ndani wanang'oa meno. Tulikuwa tunasaidiana kazi bila kujua.

Mzee Salvatori alikuwa fundi wa meno. Si daktari, fundi. Yeye ndiye anatengeneza meno ya bandia na vitu vyote vya kuweka mdomoni. Alikulia Bujumbura, Kiswahili chake kilikuwa cha huko, na Kifaransa akikichomeka kama chumvi. Kila asubuhi anakuja kununua chapati, anasimama, hali. Ananitazama mikono. Siku moja nikamwambia:

"Mzee, chapati ni ya kula, si ya kuangalia."

Akasema, "Mama, naangalia vile unakanda. Haina madonge. Kijana wangu wa plasta, kila kitu chake ni madonge. Njoo ndani unikandie."

Nikafikiri ananitania. Kumbe hatanii. Kesho yake nilikuwa ndani, nimevaa koti jeupe la yule kijana, mikono imepita vidole.

Nyie mliozoea mashine, niwaambie plasta ilikuwaje. Daktari anachukua kijiko kile kipana, anakijaza ule ujiuji wa rangi ya waridi wenye harufu ya mint, anakibandika mdomoni mwa mgonjwa mpaka ushike. Akikitoa, meno yote yameacha shimo lake mle ndani. Hapo ndipo mimi naingia. Ule ujiuji ukikauka unasinyaa, kwa hiyo unaufunika na kitambaa chenye maji, na hakuna kwenda kupiga stori kwanza. Unamwaga plasta humo, inaganda, unabandua, unapata meno ya mtu yako mezani, meupe, bila mwenyewe.

Plasta inafuata sheria ya ugali: maji kwanza, unga unafuata. Ukitia unga kwanza umekwisha. Unakoroga taratibu ukibana kwenye ukuta wa bakuli, halafu unagonga bakuli mezani ili hewa itoke. Mimi ya kwanza sikugonga vizuri. Mzee akainua yale meno, akayageuza kwenye mwanga, jino moja lina kitumbo.

"Mama," akaniambia, "hili jino umelipa mimba."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka, akaninyooshea bakuli. Nikarudia. Baadaye tukanunuliwa ile mashine ya kutetema, unashikilia kijiko juu yake, inafanya trrrrr, hewa inapanda yenyewe. Mkono wangu ulikuwa unatetema mpaka nyumbani, wajukuu wakidhani nina baridi.

Na kitu kingine alichonifundisha: plasta ikiganda inapata homa. Kweli, inachemka yenyewe. Unaweka kiganja, ikiwa ya moto, iache. Ikianza kupoa, sasa bandua. Vijana mnatazama saa. Saa ni nzuri. Lakini na kiganja kipo, hakiishi betri.

Sasa meno ya kusaga. Mzee aliniwekea mezani meno ya watu wawili. Ya kwanza kila jino lina kilima na bonde, lile la pembeni, chonge, lina ncha. Ya pili yote sawasawa kama sakafu iliyopigwa msasa. Nikasema huyu wa pili ni mzee sana. Akasema hapana, ni dereva wa matajiri wa Nyarutarama, kijana kabisa. Amelala anasaga. Guhekenya amenyo, hivyo ndivyo tunaita kwa Kinyarwanda, kusaga meno. Mchana huyo dereva hana shida, anacheka na walinzi getini. Akilala, taya linafanya kazi kuliko yeye mwenyewe mchana.

Wagonjwa wa namna hiyo wakawa wengi. Wanakuja wakisema jino linauma, kumbe si jino. Wanaamka kichwa kinagonga hapa pembeni juu ya sikio, taya limechoka kama mtu aliyetafuna muwa. Wengine jino linapasuka wakila wali tu. Daktari wetu, Dokta Peace, yule mama aliyekulia Uganda, alikuwa anawagusa mashavuni na kuwaambia, "Nyabo, bana meno," nyabo ndiyo mama kwa huko kwao, halafu pale shavuni panatoka donge la nyama ngumu kama la mbeba mizigo. Na wengi walikuwa wamekunywa dawa ya minyoo. Wote! Kwetu mtu akisaga meno amelala, jibu ni moja: ana minyoo. Mtoto anapewa dawa, anasaga. Anapewa tena. Dokta Peace anawaambia kwa mtoto mara nyingi inaisha yenyewe akikua, minyoo apimwe kama ana dalili zake, lakini meno ni habari nyingine.

Hapo sasa ndiyo anaingia Solange.

Alikuja na shangazi yake, Konsolata, mama mmoja wa Masaka yetu hapa, si ya Uganda, mwenye shamba na ng'ombe na sauti. Shangazi ndiye alikuwa anamwandaa, kama mnavyojua, binti akiolewa shangazi wa kwa baba ndiye anakaa naye, anamfunza mambo ya nyumba. Na Solange alikuwa anaolewa. Ng'ombe walikuwa wameshaombwa na kukubaliwa, ukumbi umeshikwa, mikutano ya harusi kila Jumapili. Binti mzuri, mtulivu, anafanya kazi ofisini hapa Kicukiro. Lakini alikaa kwenye kiti cha Dokta akaanza kulia kabla hajafungua mdomo.

Shangazi akasema yeye. "Dokta, hii mtoto iko na shida. Akilala anasaga meno, nyumba nzima inasikia. Nimempa dawa ya minyoo, nimempa umuravumba, ile majani chungu yetu, amekunywa mpaka ametapika. Hapana acha. Sasa atalala vipi kwa mwanaume? Wakwe watasema tumewapa mashine!"

Na hilo neno mashine ndilo lilimliza zaidi. Baadaye aliniambia mwenyewe. Shuleni bwenini walikuwa wanamwita Mashine. Walisukuma kitanda chake mpaka mlangoni. Wenzake wakienda kulala wanasema, "Mashine, leo unasaga mahindi au mihogo?" Tangu hapo hakuwahi kulala chumba kimoja na mtu kwa amani. Safari za kazi anakataa. Na sasa kuna Eriki, mchumba wake, na harusi inakuja, na kila Eriki akisema tarehe yeye anasema tusogeze. Alikuwa ameshasogeza, na akasogeza tena. Alimwambia Dokta, mimi nimesimama hapo na kijiko mkononi:

"Kama haiponi, nitamwambia basi. Bora aondoke sasa kuliko aamke usiku anikimbie."

Dokta Peace hakumdanganya. Hiyo ndiyo nilimpendea yule mama. Alimwambia, "Sikiliza, sisi madaktari yote hatujui kwa nini mtu anasaga. Mawazo yanaongeza. Kahawa ya jioni na pombe zinaongeza. Anayekoroma na kukatwa pumzi naye tunamchunguza. Nitakupa kinga ya plastiki, unavaa ukilala. Hiyo italinda meno yasiishe. Sauti inaweza kupungua. Lakini siyo dawa ya kukuponya, nyabo. Na mchumba wako mwambie."

"Hapana," Solange akasema.

"Hapana kabisa!" shangazi naye akasema. Hapo ndipo walipopatana.

Dokta akamfundisha na ya mchana: midomo ifunge, meno yaachane, ulimi ukae juu kwa raha. Meno ya juu na ya chini yanakutana wakati wa kula tu, basi. Mtu ukimwambia hivyo anashtuka, anagundua mchana kutwa amebana. Hata nyie sasa hivi mnanisikiliza mmebana. Achieni! Na jioni kitambaa cha maji ya uvuguvugu mashavuni, na hiyo mikutano ya harusi, Dokta akamwambia, wewe usiende kila mmoja. Waache wabishane juu ya rangi za vitambaa bila wewe.

Mimi nikamshika mkono wakati wa kijiko, maana wengi wanataka kutapika. Nawaambia wapumue na pua na wachezeshe vidole vya miguu. Akili ikienda kwenye vidole, koo linasahau. Nikamwaga plasta yake mwenyewe, nikaisikiliza homa yake, nikabandua. Meno ya msichana yule, yamelika. Nikamwonea huruma. Mzee Salvatori, alikuwa bado yupo wakati huo, akapasha karatasi ya plastiki mpaka ikalegea kama chapati kwenye kikaango, mashine ikaivuta juu ya meno, fyuu. Akakata, akasugua, ikawa kinga safi, inang'aa kama kioo. Tukaiweka kwenye kiboksi, tukamwambia: osha na maji baridi na mswaki laini, usiache juani, usiweke kwenye maji ya moto.

Tulimwambia Solange. Shangazi hatukumwambia.

Hazikupita siku nyingi, nikasikia sauti ya Konsolata mapokezini. Kwake kulikuwa na mjukuu anayenyonya chupa. Na Konsolata ni mwanamke msafi, hicho simnyimi. Kila kitu kinachoingia mdomoni kwa mtu kwake kinachemshwa. Maji yanachemshwa, maziwa yanachemshwa, chupa za mtoto zinachemshwa. Akaiona ile kinga ya Solange kwenye kiboksi, akasema hii nayo iko ya mdomo. Akaitia sufuriani pamoja na chupa za mtoto.

Aliileta kwenye leso. Ilikuwa imejikunja kama sikio la mbuzi.

"Mama Vero," akaniambia, "mumetupa kitu mbovu. Imeungua na maji."

Mzee Salvatori akaishika, akaigeuza. Halafu akasema kwa upole, "Mama, hii umeipika. Ungeongeza chumvi."

Solange hakucheka hata kidogo. Alikuwa amekaa kwenye benchi, macho mekundu. Aliniambia ameshaandika ujumbe kwa Eriki, wa kusema basi, bado kutuma tu. Lakini Eriki anakuja kumchukua pale kliniki saa za mchana, bora amwambie uso kwa uso. Nikamwambia, "Mwanangu, ingia kwanza tuchukue kipimo kipya, hayo mengine yanangoja." Nilisema tu.

Basi akaingia kwa Dokta. Shangazi akabaki benchi la nje ya mlango. Siku hiyo alikuwa ametoka Masaka alfajiri, ameshakamua, ameshapitia kwa mshonaji wa mishanana, zile nguo zetu za harusi, amepanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kicukiro na jua lote kichwani. Akakaa. Akaegemea ukuta. Akalala.

Mimi nakoroga plasta, mlango uko wazi. Nikasikia kitu. Nikadhani ni mashine ya kutetema nimeiacha. Nikaizima, kumbe ilikuwa imezimwa. Krrrk. Krrrk. Kama mtu anaburuta sufuria kwenye sakafu ya saruji. Nikatoa kichwa nje.

Ni Konsolata! Amelala mdomo umefunga, taya linakwenda kulia, linakwenda kushoto, anasaga, ni ukuri, kweli kabisa, anasaga kama analipwa.

Na mimi nawaambia kitu: miaka yote nimeshika meno yaliyosagwa, nimeyamwagia, nimeyapanga dirishani yakauke. Sauti yenyewe kazini sikuwahi kuisikia, maana nani anakuja kliniki kulala? Nilisimama na bakuli langu, plasta inaganda, sijali. Wagonjwa wengine wamegeuka. Mzee Salvatori ametoka, miwani kwenye paji. Dokta Peace ametoka na glavu. Na nyuma yake Solange, na kitambaa cha kiti shingoni, na ule ujiuji wa waridi kidevuni.

Akasikiliza. Mimi nilikuwa namtazama yeye, siyo shangazi. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango unabishwa.

Akauliza polepole, "Dokta, mimi nafanya hivyo? Ni hiyo sauti?"

"Ni kusaga," Dokta akasema. "Yako haitakuwa mbali na hiyo. Na mara nyingi iko kwenye familia."

"Ndiyo hiyo tu?"

Jamani. Hapo nilielewa. Yule binti hakuwahi kuisikia. Angeisikiaje, na yeye amelala? Miaka yote alikuwa na hofu ya sauti ambayo wengine tu ndio waliisikia, na akilini mwake aliijenga ikawa kubwa kama tingatinga. Sasa anaiona, iko pale benchini, ni mama mnene amechoka, amefunga kitenge, na viatu vya plastiki. Solange akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka na machozi yakatoka, lakini haya yalikuwa ya aina nyingine.

Konsolata akaamka. "Mnacheka nini? Ni nani amekufa?"

"Shangazi," Solange akasema, "na wewe ni mashine!"

"Nani? Mimi? Mimi nasaga? Uongo! Nimeolewa zamani, mzee wangu angesema!"

"Mpigie," Mzee Salvatori akasema. Yule mzee alikuwa na ubaya wake wa chini chini.

Akapiga, na hasira yake, akaweka sauti ya nje ili sote tuaibike. "Mzee, niko hapa kwa daktari wa meno. Sema ukweli mbele ya watu. Mimi nikilala nasaga meno?"

Tukasikia ng'ombe.

"Uko na nani hapo?" mzee akauliza.

"Sema!"

"Eh. Unasaga. Tangu tumeoana."

"Na hukuniambia?"

"Ungesema nimekutukana. Halafu nilizoea, mke wangu. Siku ukinyamaza ndiyo naamka, nafikiri kuna kitu."

Konsolata akakata simu. Akaangalia chini, akaangalia kitenge chake, akakinyoosha. Halafu mabega yakaanza kutikisika, naye akacheka, mkono mdomoni, kama msichana.

Kipimo cha Solange tulichukua upya, maana plasta yangu ilikuwa imegandia bakulini kama jiwe, na ule ujiuji umeshasinyaa. Mzee hakunigombeza. Solange alipomaliza, nikatoka kumpelekea skafu aliyoisahau, na kwa hiyo nilisikia, sikwenda kusikiliza. Eriki alikuwa getini, kijana mrefu, tai imelegea.

Solange hakutafuta maneno. "Eriki, mimi nikilala nasaga meno. Kwa sauti. Ndiyo maana nilikuwa nasogeza harusi."

Akamtazama. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Shangazi yangu naye anasaga, yuko ndani, kamuulize."

Yule kijana akakaa chini kwenye ukingo wa maua, na suruali yake ya ofisi. "Mana yanjye," akasema, yaani Mungu wangu, "nilidhani umepata mwanaume mwingine." Akajifuta uso na tai. Nikaona skafu inaweza kungoja, nikarudi ndani.

Harusi nilikwenda. Nilikula. Kinga ya Solange, ile ya pili, nilimwekea kwenye kiboksi chekundu, nikakuomba wewe Divine uandike juu kwa Kinyarwanda: maji baridi. Kila anapokuja kuonwa na Dokta, meno yamebaki pale pale, hayaliki tena. Bado anasaga siku nyingine, hasa siku za kazi nyingi. Kinga ndiyo inalika badala ya meno, na hiyo tunaweza kutengeneza nyingine. Meno hatuwezi. Mkumbuke kuwaambia wagonjwa hivyo, wanaelewa haraka.

Mzee Salvatori alipumzika kabla yangu, akarudi kwa watoto wake. Na Konsolata? Alikataa kinga mpaka jino likapasuka kwa hindi la kuchoma. Juzi juzi akakubali. Kwa hiyo plasta yangu ya mwisho hapa kazini ilikuwa ya kwake. Divine, wewe ulikuwepo, nilikushika kiganja nikakiweka juu, nikakuambia ngoja, ngoja, bado ina homa, sasa. Ukabandua wewe. Haikuwa na kitumbo hata kimoja.

Na jana amenipigia simu. "Mama Vero, hii kitu yenu mzee wangu ameikataa. Anasema nyumba imenyamaza sana, hapati usingizi."

Nikamwambia avae tu, mzee atazoea. Mimi mwenyewe asubuhi nakaa nyumbani, mikono safi, hakuna kinachotetema, na mimi najiambia hivyo hivyo: ngoja kidogo. Ni kimya kizuri. Kinataka kuzoewa tu.